Sura ya Saba: Punguza Penye Nyingi

Mwanamke akigundua kwamba nywele zake zinapungua, jambo la kwanza analofanya ni kuzifunika, na la pili ni kuziongeza. Kilemba hufuatwa na wigi. Wigi likichosha, hufuata rasta ndefu zilizosukwa kwa kubana ili zishike kwenye vinywele vilivyobaki, na baada ya miezi michache vinywele hivyo navyo vimeng'oka pamoja na rasta. Kukata huja mwisho kabisa, baada ya mafuta ya kila aina, maji ya mchele na juisi ya kitunguu, tena huja kwa machozi. Sura hii inashauri kinyume chake: mashine ije mapema, wakati bado una kitu cha kukata.

Kwanza tuelewane mashine inaweza nini na haiwezi nini. Haiongezi unywele hata mmoja. Wanaosema kunyoa kunazidisha nywele wanadanganywa na macho na vidole: unywele uliokatwa una ncha butu, kwa hiyo ukichipuka unakwaruza mkono na kuonekana mnene, lakini mzizi wake ni ule ule na idadi ni ile ile. Kazi ya mashine ni kuondoa tofauti. Jicho la mtu halihesabu nywele. Linachokiona haraka ni mahali penye nyingi zikiwa jirani na mahali penye chache. Mwanamke mwenye nywele za kujaa kiganja utosini na vinywele vya kuhesabika kwenye mapanja anaonekana ana upara. Mwanamke huyo huyo akishusha za utosini zikabaki milimita 6, watu watasema amenyoa, basi. Nywele alizo nazo pembeni ni zile zile za jana. Kilichoondoka ni jirani yake aliyekuwa akimsema.

Ndiyo maana kanuni ya nywele nyepesi ni kupunguza penye nyingi mpaka palingane na penye chache. Wengi hufanya kinyume, wakiacha juu pawe parefu ili "pafidie", na kadiri juu panavyokuwa parefu ndivyo pembeni panavyozidi kuonekana patupu.

Kabla ya kuchagua mtindo, jua zimepungua wapi. Kioo cha saluni hakitoshi maana kinakuonyesha paji la uso tu. Kaa mlangoni asubuhi kukiwa na mwanga wa kutosha, nywele zikiwa kavu na bila mafuta, umpe simu mtu unayemwamini akupige picha utosini, kisogoni na kwenye mapanja yote mawili. Wapo watu ambao hawajawahi kuuona utosi wao tangu wazaliwe, na picha hiyo huwashtua. Shtuka nyumbani, usishtuke kwenye picha za harusi ya mtu.

Zikiwa zimepungua kwenye mapanja na mstari wa mbele, mara nyingi ni kazi ya kuvutwa. Hali hii iliandikwa na daktari mwaka 1907, na wanawake walioelezwa hawakuwa Waafrika: walikuwa wa Greenland, kule kwenye barafu, waliozoea kukusanya nywele zote na kuzifunga kwa kubana. Huko hakukuwa na rasta wala wivingi, kulikuwa na mvuto tu, kila siku, kwa miaka. Dalili yake haifichiki. Kunakuwa na ukanda mtupu au mwepesi, na mbele yake, mpakani kabisa mwa uso, hubaki mstari wa vinywele laini ambavyo msusi hakuviweza kwa sababu vilikuwa vifupi mno kushikika. Ukiviona vinywele hivyo vitunze, tutavihitaji kinyozi atakapowasha mashine.

Zikiwa zimeanzia katikati ya utosi, na duara linapanuka mwaka hadi mwaka, hilo ni jambo jingine. Upo ugonjwa unaowapata zaidi wanawake weusi ambao huharibu vitundu vya nywele na kuacha kovu mahali pake. Mwaka 2019 watafiti walichapisha kwenye jarida la New England Journal of Medicine kwamba baadhi ya wagonjwa hao wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, ambayo inahusika na namna unywele unavyojengeka. Kwa hiyo si kila utosi mtupu ni kosa la msusi wala la dawa ya kulainisha, ingawa kubana na kuchoma nywele hakusaidii. Paguse kwa kidole. Ngozi ikiwa nyororo yenye kung'aa na vitundu havionekani, au pakiwa panawasha na kuuma, daktari wa ngozi atangulie mbele ya kinyozi. Kovu likishafunga kitundu halikifungui tena, na kila mwezi unaopita unahesabiwa.

Zikipungua kichwa kizima kwa pamoja, rudisha kumbukumbu nyuma miezi miwili au mitatu. Ulijifungua? Uliugua homa kali, ulifanyiwa upasuaji, ulipungua uzito kwa ghafla? Mwili ukipata mshtuko huzipumzisha nywele nyingi kwa mpigo, na hizo hupukutika baada ya wiki kadhaa, mtu akiwa ameshasahau chanzo. Aghalabu hurudi zenyewe. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo nayo huleta hali hiyo, na hayo hupimwa kwa damu, hayakisiwi. Halafu kuna umri, ambao hauna kosa la mtu.

Sasa twende kwa kinyozi. Nasema kinyozi na si saluni ya kike kwa sababu msusi amezoea kuongeza, na ukimwomba apunguze hushika mkasi kwa huruma. Wakataji wazuri wa nywele fupi za kipilipili wengi wako kwenye vibanda vya wanaume, vile vyenye mabango ya vichwa vilivyochorwa kwa rangi ukutani.

Kazi hii nimeiona ikifanywa vizuri kwenye kibanda cha namna hiyo Mwananyamala, Dar es Salaam. Mteja alikuwa mama wa makamo, mwalimu, amefunga kitenge kichwani. Kijana alimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikiwa, akamkaribisha kitini wala hakumuuliza anataka mtindo gani. Mama alipofungua kitenge, kijana alichukua kitana akazichana zote kwenda juu, zikiwa kavu, kisha akazunguka kiti akizitazama kabla ya kugusa mashine. Utosini zilikuwa nyingi, zimesimama. Mapanja yalikuwa yamerudi nyuma upana wa vidole viwili.

"Mama, hapa juu tukipaacha hivi, huku pembeni patakusema."

"Sasa mwanangu, ndiyo unikwangue?"

"Hapana. Tunashuka kidogo kidogo. Ukisema basi, tunaishia hapo."

Alivalisha mashine kichana namba 4, kinachobakiza milimita 13 hivi, akapitisha kichwa kizima. Mama akajitazama, mapanja bado yalikuwa yanaonekana. Namba 3, milimita 10: nafuu. Namba 2, milimita 6, na hapo mama mwenyewe akainua mkono. Juu palibaki namba 2. Pembeni kijana akashusha mpaka namba 1, ambayo ni milimita 3, halafu akatumia muda mrefu kuliko wote kwenye mpaka kati ya namba hizo mbili, akipandisha mashine na kuiondoa juu juu, mpaka pasionekane ngazi. Vijana huita kazi hiyo fedi. Kwa kijana mwenye nywele zake zote ni urembo tu, lakini kwa mama yule ilikuwa na kazi zaidi: nywele zilizokuwa zinafifia zenyewe kwenye mapanja sasa zilionekana zimefifishwa na kinyozi. Mtazamaji hawezi kujua ugonjwa umeishia wapi na ufundi umeanzia wapi.

Angalia alivyoshuka. Hakuanza na namba 2 moja kwa moja, kwa sababu kilichokatwa hakirudi, na kwa sababu kila kichwa kina kituo chake. Kuna mtu ambaye tofauti huisha akiwa kwenye namba 3, na akiendelea kushuka anapoteza nywele bure. Kuna mwingine ambaye lazima afike namba 1 kote. Huwezi kukijua kituo hicho kwa kutazama picha ya mtu mwingine kwenye simu, na kinyozi anayekuonyesha bango ukutani naye hakijui.

Kilichonifurahisha zaidi ni alichokiacha. Alikuwa na mashine ndogo ya kuchongea pembeni, na hakuigusa kwenye paji la yule mama. Kuchonga ndiko kunakowaharibu wanawake wengi wanaonyoa, na nitalisema hili kwa kirefu. Vinyozi wetu wamejifunza kazi kwa vijana wa kiume, ambao hawaridhiki mpaka mstari wa mbele uwe umenyooka kama umepigwa rula. Kinyozi akimaliza kichwa cha mwanamke mkono wake huenda wenyewe kwenye paji. Sasa kumbuka vile vinywele laini vya mpakani. Ndivyo vya kwanza kuondoka. Kinyozi anaviona uchafu wa mstari, kumbe ndivyo vilivyokuwa vinaulainisha uso na kuficha ukanda mtupu ulio nyuma yake. Akishaviondoa, mstari wake unaangukia kwenye ngozi tupu, hivyo inabidi asogee nyuma kidogo apate nywele za kuchonga. Safari ijayo atasogea tena. Baada ya mwaka paji limekua na mteja anadhani ugonjwa umezidi.

Kuna na ubaya wa pili. Mstari mkali unahitaji nywele nzito nyuma yake. Ukiuchonga mbele ya nywele nyepesi, jicho linakwenda pale pale ulipotaka lisiende. Baadhi ya vinyozi huliona tatizo hilo wakalitibu kwa kupaka rangi nyeusi kwenye mstari, na mteja anatoka amepakwa wanja kwenye paji. Jua likipiga na jasho likitoka, kila mtu anajua. Kwa hiyo kabla hujavishwa kitambaa, sema: "Mbele usichonge. Nisafishie shingoni tu." Akinung'unika kwamba kazi haijaisha, mwambie utamlipa vile vile.

Shingoni napo asafishe kwa kiasi. Nywele za kipilipili zikikatwa hadi ndani ya ngozi, hasa kwa wembe, ncha hujikunja na kurudi ndani, na vipele vya kisogoni hufuata. Kwa wengine hugeuka makovu magumu yaliyotuna ambayo hayaondoki kwa dawa ya dukani. Mashine isiyo na kichana, ikipita bila kukandamizwa, inatosha. Wala usijaribu kufanya sehemu hiyo mwenyewe kwa vioo viwili. Kinyozi hajinyoi, na waliosema hivyo walikuwa wanazungumzia kisogo.

Vitabu vya urembo vina jedwali la sura za uso, yai, duara, mraba, moyo, na kila sura ina mtindo wake. Sioni faida kubwa ya jedwali hilo kwa mtu wa namba 2. Nywele zikiwa fupi kiasi hicho kinachoonekana ni fuvu, masikio na shingo. Mwenye kisogo bapa aachiwe nyuma namba moja zaidi ya juu, kichwa kitapata umbo. Mwenye masikio yaliyosimama asififishwe juu sana ya sikio. Mwenye uso mpana abakize milimita chache zaidi utosini kuliko pembeni, na mwenye shingo fupi amwombe kinyozi afifishe kisogo kwa chini badala ya kukikata mraba. Hereni na miwani vitafanya kazi kubwa kuliko ulivyotarajia. Vaa miwani yako kabla kinyozi hajasema amemaliza.

Wenye nywele za singa, nao ni wengi Zanzibar, Mombasa, Lamu na hadi Muscat, kanuni ni ile ile ila mbinu hubadilika. Singa nyepesi ikiwa ndefu hujivuta chini kwa uzito wake, ikalala kwenye fuvu na kuuanika mstari wa njia. Ikatwe iishie kati ya sikio na taya, ncha zote usawa mmoja, maana ncha zilizolingana huonekana nzito. Wa kuukataa kabisa ni mkasi wa meno, ule wa kupunguza unene. Huo umetengenezwa kwa ajili ya tatizo lililo kinyume na lako. Hamisha njia ya nywele upande mwingine, na mafuta ya nazi uyapake usiku wa kuamkia siku ya kuosha, si asubuhi ya kutoka, kwa sababu mafuta huzigandisha nywele vifungu vifungu na kati ya kifungu na kifungu ngozi inachungulia.

Rangi nitaipita haraka. Nyeusi hupunguza tofauti kati ya nywele na ngozi nyeusi ya kichwa, hivyo husaidia. Blichi huzidhoofisha nywele ambazo tayari ni dhaifu. Rangi nyeusi nyingi, pamoja na piko, zina kemikali inayoweza kuwasha na kuvimbisha uso, kwa hiyo jaribu kidogo nyuma ya sikio na usubiri siku mbili. Mvi zilizokatwa namba 1 zinapendeza zenyewe. Sioni kwa nini zipakwe kitu.

Kukata kuna shida moja ambayo kinyozi haiwezi: maneno ya watu. Huku kwetu kichwa kifupi cha mwanamke kina maana nyingi kabla hajasema chochote. Ni mwanafunzi, kwa sababu shule nyingi za serikali huwataka wasichana wapunguze nywele. Ni mfiwa, kwa sababu katika makabila mengi kunyoa ni sehemu ya matanga. Ni mgonjwa. Mama mkwe atauliza, majirani watauliza kwa macho. Wakati huo huo, kwa Wamasai kichwa kilichonyolewa ndicho kichwa cha mwanamke aliyependeza, na nywele ndefu zilizosukwa ni za morani. Mwaka 2007 Flaviana Matata alikwenda Mexico kuiwakilisha Tanzania kwenye Miss Universe akiwa amenyoa kipara, akaingia kumi bora. Desemba 2019, huko Atlanta, Zozibini Tunzi wa Afrika Kusini alilitwaa taji lenyewe akiwa na nywele zake fupi za asili zilizofifishwa pembeni, mtindo ambao yule kijana wa Mwananyamala angeutambua mara moja. Ukiulizwa, jibu fupi ndilo bora: "Nimeamua kunyoa." Usianze kueleza habari za mapanja, hakuna aliyeyaona.

Jiandae pia kwamba kichwa kifupi kina matunzo yake. Vipimo vya watafiti vimeonyesha nywele za Kiafrika hukua wastani wa robo milimita kwa siku, polepole kuliko za Wazungu. Hiyo ni karibu milimita 8 kwa mwezi. Aliyeondoka kwa kinyozi na milimita 6 atakuwa na 14 mwezi ukiisha, lakini juu tu. Kwenye mapanja ambako nywele zimechoka huenda zisifike hapo, na ile tofauti uliyolipia iondolewe itakuwa imerudi. Rudi kila baada ya wiki mbili au tatu, hata kama mashoga zako wanakuambia bado hazijakua.

Na ukirudi, rudi na mashine yako au angalau vichana vyako. Mapunye husafiri kwa vifaa, na kile kiboksi chenye mwanga wa buluu kinachokaa pembeni ya kioo hakisafishi mashine iliyojaa vinywele vya mteja aliyetangulia. Nywele zipigwe brashi kwanza, kisha meno ya mashine yafutwe kwa spiriti mbele ya macho yako. Ukiona aibu kumwambia kinyozi, kumbuka dawa ya mapunye humezwa kwa wiki kadhaa.

Faida ya mwisho ya nywele fupi haitajwi sana, nayo ni kwamba ngozi inaonekana. Kama daktari amekupa minoxidil, dawa iliyoanza kama ya shinikizo la damu na baadaye ikaonekana kuotesha nywele, inafika kwenye ngozi badala ya kulowanisha nywele. Ila ujue hufanya kazi muda ule tu unapoendelea kuitumia, na mjamzito haimfai. Kama hujaanza dawa yoyote, angalau sasa unaweza kufuatilia. Piga picha utosi na mapanja siku ya kunyoa. Piga tena baada ya miezi mitatu, mahali pale pale, kwa mwanga ule ule, ukiwa umetoka kunyolewa namba ile ile. Zikiwa sawa au zimeongezeka, endelea na kinyozi wako. Duara la utosi likiwa limepanuka, usimwongezee kinyozi kazi asiyoiweza: nenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, na kwa walio kaskazini mwa Tanzania kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992. Nenda na picha zote mbili.